Mawakili wa Wenye Akiba

Nchini Marekani, anayefungua akaunti kwa dalali wa hisa kwa kawaida hutia saini mkataba wenye kifungu kinachomwondolea haki ya kwenda mahakamani: mgogoro ukizuka, utaamuliwa na wasuluhishi. Mahakama ya Juu ilivikubali vifungu vya aina hiyo mwaka 1987, na leo mengi ya madai hayo husikilizwa chini ya FINRA, chombo kinachowasimamia madalali.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia mawakili wa wawekezaji. Mstaafu huwajia na rundo la taarifa za akaunti asizozielewa. Wakili huzipitia mstari kwa mstari: hisa zilinunuliwa na kuuzwa mara ngapi, kamisheni ilikuwa kiasi gani, na je, mtu wa umri ule alistahili kuingizwa katika hatari ile? Mara nyingi shahidi mkuu ni fomu ya kufungulia akaunti. Mteja aliandika kwamba anataka akiba yake iwe salama. Dalali akafanya kinyume. Lazima kuwahi pia, kwani madai ya tukio lililopita miaka 6 hayapokelewi, na uamuzi ukishatolewa ni vigumu mno kuutengua.

Wanaonigusa zaidi ni wale wa kliniki za sheria vyuoni, kama ile iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Pace, New York, mwaka 1997. Mawakili wengi hulipwa sehemu ya fedha zinazopatikana, kwa hiyo dai dogo hukosa mtetezi. Wanafunzi wa kliniki hizo, wakiongozwa na walimu wao, hulibeba bure.