Saa Nane Usiku: Uhakiki wa Uandishi wa Saa za Kiswahili katika Programu za Kompyuta

Programu ya kompyuta inapohifadhi wakati wa tukio, kwa kawaida haihifadhi saa ya Dar es Salaam wala ya Muscat. Huhifadhi idadi ya sekunde zilizohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1970, usiku wa manane kwa Saa Ratibu za Ulimwengu, ambazo kwa ufupi huitwa UTC. Kwa mkazi wa Afrika Mashariki, nukta hiyo ya kuanzia ilikuwa saa tisa usiku. Mtumiaji anapoifungua programu, msimbo hutafuta ukanda wa saa wa mahali alipo, hujumlisha au kutoa tofauti inayohusika, kisha huandika matokeo kwa lugha aliyoichagua. Ziko hatua mbili hapa: ya kwanza ni ya hesabu na ya pili ni ya lugha. Wanaprogramu wameishughulikia ya kwanza kwa uangalifu mkubwa. Ya pili, kwa upande wa Kiswahili, imechukuliwa kuwa ni kazi ya kutafsiri majina matano ya vipindi vya siku. Uhakiki huu unaijadili hatua hiyo ya pili na kudai kwamba ndiyo inayompotosha msomaji, tena saa za usiku, ambapo hana njia ya kugundua kuwa amepotoshwa.

Hatua ya kwanza inahitaji maelezo mafupi tu. Hifadhidata ya kanda za saa iliyoasisiwa na Arthur David Olson, ambayo tangu mwaka 2011 iko chini ya IANA, inaipa Afrika Mashariki lebo ya Africa/Nairobi, na Africa/Dar_es_Salaam ni kiungo kinachoelekeza huko huko. Tofauti na UTC ni saa tatu mwaka mzima. Kwa kuwa eneo hili halibadilishi saa kwa majira, mwanaprogramu wa Mwanza au Mombasa hushawishika kuandika "ongeza tatu" ndani ya msimbo na kuendelea na kazi nyingine. Msimbo huo hufanya kazi vizuri hadi siku unapotumiwa na Mswahili aliyeko London, ambako tofauti na nyumbani ni saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi, au aliyeko Kinshasa, ambako saa si sawa na za Lubumbashi na Goma ndani ya nchi ileile. Mtafiti wa historia naye ana tahadhari yake. Hifadhidata hiyo huzitenganisha kanda kwa kuzingatia tofauti zilizotokea baada ya mwaka 1970 tu; hivyo historia ya Tanganyika, iliyotumia saa mbili na dakika arobaini na tano mbele ya UTC kuanzia mwaka 1948 hadi 1961, imewekwa katika faili ya kando ambayo programu nyingi haziisomi. Tukio la mwaka 1955 likipitishwa katika msimbo wa kawaida hutoka na dakika kumi na tano za ziada.

Kiini cha tatizo kiko kwingine. Data za lugha zinazotumiwa na simu, vivinjari na mifumo mingi ya kompyuta hutoka katika mradi wa CLDR unaosimamiwa na Unicode Consortium. Kwa Kiswahili, mradi huo unataja alfajiri kuanzia saa 04:00 hadi 07:00 kwa saa za kimataifa, asubuhi hadi 12:00, mchana hadi 16:00, jioni hadi 19:00, na usiku kuanzia hapo hadi 04:00. Mtu anaweza kuuliza alasiri imekwenda wapi, lakini kwa jumla mipaka hiyo inaonyesha kwamba aliyeiweka anaijua lugha. Kasoro inaanzia kwenye tarakimu. Muundo wa kuandika saa katika CLDR una herufi nne za kuchagua namna ya kuhesabu: mbili ni za mzunguko wa saa kumi na mbili na mbili za mzunguko wa saa ishirini na nne. Zote nne huanza kuhesabu usiku wa manane au adhuhuri. Hakuna hata moja inayoanza kuhesabu pambazuko au machweo, kama Kiswahili kinavyofanya. Kwa hiyo programu inapotakiwa kuandika saa 20:00 kwa tarakimu za mzunguko mfupi na jina la kipindi, hutoa tarakimu nane ikiandamana na neno usiku.

Msomaji wa Kiswahili hasomi hapo saa mbili usiku. Anasoma kilichoandikwa: saa nane usiku, kina cha usiku wenyewe, saa sita baadaye.

Kosa hilo halionekani kuwa kosa, na hapo ndipo lilipo na hatari. Tuseme zahanati inatuma kwa simu ujumbe wa kumkumbusha mgonjwa dawa yake ya saa 20:00. Ujumbe ukisema "8:00 usiku", mgonjwa ana kila sababu ya kutega kengele yake saa nane na kumeza dozi akiwa amechelewa kwa saa sita. Kinyume chake, basi linaloondoka saa 02:00 litaandikwa "2:00 usiku", na abiria atafika kituoni saa mbili usiku, ama saa sita kabla ya wakati, ama, akiichukua tarehe ilivyoandikwa, saa kumi na nane baada ya basi kuondoka. Ikumbukwe kwamba magazeti ya Tanzania yanapochapa "saa 2:00 usiku" humaanisha 20:00, na wasomaji wamezoea hivyo tangu waanze kusoma. Maandishi ya programu yanafanana na ya gazeti kwa kila kitu isipokuwa maana.

Ukiupima mchana kwa kipimo hichohicho, hali ni tofauti. Saa 09:00 itaandikwa "9:00 asubuhi", na hakuna msemaji mwenye saa tisa asubuhi. Atashtuka, atacheka, kisha atajua kwamba saa hiyo ni ya Kiingereza. Saa 16:00 itatoka "4:00 jioni", nayo haiaminiki, kwa sababu saa nne ni ya asubuhi au ya usiku. Pengine "11:00 asubuhi" ndiyo ya kutiliwa shaka, kwa kuwa wapo wanaoiita saa kumi na moja alfajiri kwa jina la asubuhi. Kwa kawaida, hata hivyo, kuisogeza saa ya mchana kwa saa sita huitoa katika kipindi kimoja na kuiingiza katika kingine, na jina la kipindi hupingana na tarakimu. Usiku haupingani. Neno hilo limebeba saa tisa mfululizo, kiasi kwamba saa moja, mbili na tatu zimo ndani yake, na saa saba, nane na tisa zimo pia. Tarakimu ya saa moja ikiazimwa na nyingine, sentensi inabaki sahihi kisarufi na kimaana, ila inataja wakati mwingine.

Panaweza kuletwa hoja ya kutetea data hizo: kwamba wasemaji wa Kiswahili wamekwishazoea kusoma tarakimu za kigeni. Mtu huitazama simu iliyoandikwa 20:00 na kutamka "saa mbili" bila kufikiri, kama ambavyo wazazi wake walivyoitazama saa ya ukutani yenye mshale kwenye nane na kutamka hivyohivyo. Hoja hii ni ya kweli, na inastahili kukubaliwa hadi pale inapofika. Ubadilishaji huo wa kichwani unawezekana kwa sababu msomaji anajua anasoma saa ipi. Ishirini si tarakimu ya saa ya Kiswahili, na herufi PM ni alama ya Kiingereza. Zote mbili humwambia abadilishe. Neno usiku humwambia asibadilishe. Jina la kipindi, basi, si pambo linalofuata tarakimu. Ndilo linaloonyesha hesabu gani imetumika. Aliyelitafsiri jina na kuiacha tarakimu ameiondoa alama hiyo na kuweka ya kinyume chake. CLDR yenyewe inalidhihirisha hili bila kukusudia: jina lililowekwa kwa adhuhuri ni "saa sita za mchana", na muundo unaolitumia hutoa 12:00 na saa sita kwa pamoja, hesabu mbili katika mstari mmoja.

Wapo wanaprogramu waliotafuta njia ya mkato. Kwa kuwa saa ya Kiswahili iko nyuma kwa saa sita, hukitangaza kifaa kuwa kiko katika ukanda wa saa tatu nyuma ya UTC, na tarakimu hutoka sahihi. Njia hii inachanganya mahali na lugha. Hakuna Mswahili aliyehamia katikati ya Atlantiki kwa sababu ya namna anavyohesabu saa. Madhara yake huonekana kwenye tarehe: saa tisa usiku ya tarehe 5 huandikwa kuwa ya tarehe 4, na siku mpya huanza saa kumi na mbili asubuhi. Mpaka huo haulingani na sheria za serikali, zinazoanza siku usiku wa manane, wala na mapokeo ya pwani, ambayo huianza siku jua linapotua na kuuita usiku wa Ijumaa ule unaotangulia mchana wake.

Utaratibu sahihi ni rahisi kuliko huo. Wakati uhifadhiwe kwa UTC. Ubadilishwe kwa ukanda halisi wa mtumiaji. Tarehe ichukuliwe hapo. Na mwisho kabisa, wakati wa kuandika tu, saa iongezwe sita na kugawanywa kwa kumi na mbili, baki ndiyo iandikwe, na baki ya sifuri isomwe kumi na mbili. Ishirini huwa mbili, sifuri huwa sita, kumi na nane huwa kumi na mbili. Jina la kipindi litokane na saa ya mahali kabla ya hesabu hiyo. Asiyeweza kuyafanya haya aandike 20:00 na kuliacha neno usiku.

Hata hapo linabaki suala ambalo hesabu hiyo haiwezi kulimaliza. Dar es Salaam, machweo hubadilika kwa chini ya saa moja mwaka mzima, hivyo usiku unaoanza 19:00 unakubalika. London mwezi Juni, jua huwa bado liko juu saa mbili usiku, na Mswahili anayemwandikia nduguye wa Tanga kutoka huko hulazimika kuchagua kati ya kuutaja usiku wa saa yake na kuutaja mchana anaouona dirishani. Ukanda wa saa unajulikana, tofauti ya saa mbili inajulikana, lakini jina la kipindi halipatikani katika data yoyote ya kanda. Kuhusu tarehe, lugha imekwisha kujitafutia njia: "usiku wa kuamkia Jumamosi" hutaja siku mbili kwa pamoja na kuondoa utata wote wa mpaka. Katika miundo ya tarehe iliyomo kwenye CLDR, hakuna mahali pa kuuweka usemi huo.