Kijana wa Alaska, mbegu za porini na ugomvi wetu

Into the Wild ya Jon Krakauer ilizunguka kwetu miezi tatu, katika tafsiri ya Kifaransa, na kila mutu aliirudisha na kasirani yake. Wamoja wanasema Chris McCandless ni shujaa. Wengine: mutoto wa batajiri aliyechezea maisha. Mimi nilikuwa upande wa pili, tena nilisema kwa sauti.

Wenye hamujasoma: kijana alimaliza Chuo Kikuu cha Emory mwaka 1990, akatoa akiba yake karibu dola 24.000 kwa Oxfam, akakata uhusiano na wazazi, akazunguka Marekani miaka miwili. Aprili 1992 akaingia pori la Alaska na bunduki, vitabu, na kilo 4 na nusu za mchele. Septemba wakamkuta amekufa ndani ya basi la zamani. Alibakia kilo 30 hivi.

Dola 24.000! Soma hiyo nambari ukiwa na diplome kwenye sanduku na hauna kazi. Baba yangu aliuzisha ng'ombe mbili juu ya minerval yangu. Mara ya kwanza nilifunga kitabu pale pale. Kumbe hasira hiyo si yetu peke yetu: Krakauer alipoandika habari hii kwanza katika gazeti Outside, Januari 1993, barua nyingi zilikuja, na watu wa Alaska wengi walisema kijana alikuwa mjinga, hakujitayarisha.

Nilirudia kusoma juu ya mimea, kazi yangu iko pale. Alikuwa na kitabu cha mimea ya Alaska. Kitabu kinasema mizizi ya kile wanachoita kiazi cha porini inaliwa, na ni kweli. Mwezi wa saba akaanza kula mbegu pia. Tarehe 30 akaandika kwamba hana nguvu tena, akilaumu mbegu hizo. Kitabu chake hakikusema kitu juu ya mbegu. Sasa mjinga ni nani hapo? Sisi wa agronomi tunajua kwamba mmea hauliwi kwa jina tu. Muhogo mchungu tunakula kila siku, lakini kule Bandundu, wakati watu walipunguza siku za kuloweka juu ya kuwahi soko la Kinshasa, konzo ilipooza miguu ya watoto na ya wamama. Muhogo ni ule ule. Siku mbili za maji tu zilikosekana. Ujuzi kama huo hauko kwenye picha ya jani, uko kwa mama mwenye kuloweka, na McCandless hakuwa na mama wa kumuuliza. Njo kosa lake kubwa kwangu, kuliko ule mchele kidogo.

Hata nyama ni vile. Mwezi wa sita aliua mnyama mkubwa kupita ng'ombe, akajaribu kuikausha na moshi, namna wawindaji wa South Dakota walimuelekeza. Watu wa Alaska wanakata vipande vyembamba na kuanika. Ikaoza, funza wakaingia, akajuta sana. Shauri lilikuwa zuri, lakini la udongo mwingine. Nani kati yetu hajapeleka kijijini fishi teknike ya namna hiyo?

Sasa Krakauer mwenyewe. Anaandika vizuri, na sura ambamo anasimulia namna yeye, akiwa na miaka 23, alipanda Devils Thumb peke yake, ni ya kweli kabisa. Lakini anamupenda huyu kijana kupita kiasi, na anatafuta sumu ya kumutetea. Kwanza alisema alichanganya mimea miwili. Kisha alkaloidi, wakapima Fairbanks, hawakuipata. 2013 akaleta sumu nyingine, 2015 L-canavanine. Hii ya mwisho inaweza kuwa kweli. Lakini mutu anayekula wanyama wadogo bila mafuta wiki kwa wiki anaweza kufa na njaa bila sumu yoyote. Mwandishi hapendi jibu hilo, juu linawapa haki wenye barua.

Kitu kimoja kilinifungia mdomo. 2014 dada yake Carine alitoa kitabu chake: nyumbani kulikuwa na mapigo na uongo mwingi. Krakauer alijua, lakini dada alimuomba asiandike. Basi miaka karibu ishirini wasomaji walimuita mutoto asiye na shukrani, na mimi pamoja nao, bila kujua alikuwa anakimbia nini. Ng'ombe za baba zilinifanya nifikiri kila baba ni kama wangu.

Upande wa mashujaa nao wasifurahi haraka. Mto Teklanika aliuvuka Aprili maji yakiwa kidogo. Julai barafu ilikuwa imeyeyuka, mto umejaa, hakuweza kurudi. Baadaye wageni wawili waliotaka kuona basi walikufa mtoni hapo, 2010 na 2019. Juni 2020 helikopta ya jeshi ikaliondoa.

Nakala yetu iko sasa kwa mwenzetu wa droit, mwenye aliapa kwamba hatapita sura ya pili. Jana usiku aliniandikia kuuliza kama mbegu za lenga-lenga zinaliwa. Nilimujibu amuulize mama yake.