Sauti ya Siti binti Saad

Msomaji, yamkini umepata kusikia ikisemwa kuwa kipaji ni bahati: aliyezaliwa nacho huinuka, na asiyezaliwa nacho hukaa chini akawatazama wenziwe. Siku moja, katika darasa langu huku Kisauni, mwanafunzi alitoa hoja hiyo tulipokuwa tukisoma habari za Siti binti Saad. Alisema, "Mwalimu, huyu alipewa sauti na Mungu. Basi sifa yake mwenyewe ni ipi?" Swali lilikuwa zuri, wala sikuweza kulijibu vema siku ile. Nataka kulijibu leo mbele yako, nawe uwe hakimu.

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, katika jamaa maskini ya asili ya utumwa. Jina alilopewa kwanza lilikuwa Mtumwa. Jamaa yake walikuwa wafinyanzi, naye alijitwika vyungu akavipeleka mjini kuviuza, huku akivinadi kwa kuimba. Wahenga wamesema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata chungu chema hakikujiuza Fumba, maana mnunuzi alikaa mjini. Wewe unayetoka Likoni alfajiri ili ukiwahi kivuko wajua kuwa kuzaliwa ng'ambo ya maji si kosa, ila kwamletea mtu safari ambayo mwenziwe wa kisiwani haijui.

Mwaka 1911 Mtumwa alihamia mjini. Taarabu ya siku zile ilikuwa muziki wa wakubwa. Ilikuwa imeingia Unguja kutoka Misri katika enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Mwanamke mchuuzi wa vyungu hakuwa na nafasi katika baraza hiyo. Ni kweli kwamba sauti alikuja nayo. Lakini kufuatana na udi na fidla, kushika mahadhi pasipo kuyapoteza, na kutamka kila herufi ya Kiarabu mahali pake, hayo hakuzaliwa nayo. Alijifunza kwa waalimu, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, umri ambao wengi husema wamekwisha kupita wakati wa kujifunza. Watu walipomsikia walimwita Siti, yaani bibi wa heshima, na lile jina la Mtumwa likaachwa. Hilo ndilo jibu langu la kwanza.

La pili lahusu lugha. Siti aliweza kuimba Kiarabu, na kama angalitaka heshima ya wakubwa peke yake, hicho kingalimtosha. Yeye na wenziwe, akina Subeit, Buda, Mbaruk na Maalim Shaaban, waliimba kwa Kiswahili pia, na kwa lugha hiyo nyimbo zao zikafika kwa mpagazi, mpishi na mwuza samaki. Mwaka 1928 walisafiri mpaka Bombay, Bara Hindi, kutiwa katika santuri na kampuni ya His Master's Voice. Kufikia mwaka 1931 santuri za kundi hilo zilizouzwa zilipita 70,000. Fikiri, msomaji, ni vijiji vingapi vya pwani vilivyosikia kwa mara ya kwanza lugha ya nyumbani ikitoka katika sanduku lililotoka ng'ambo.

Na walisema nini kwa lugha hiyo? Waliimba mapenzi na dini, lakini waliimba dhuluma vilevile. Uko wimbo wao mashuhuri uitwao Kijiti, unaosimulia habari ya mwanamke aliyeuawa. Mwuaji alitoroka akavuka bahari, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliotiwa gerezani. Mahakama ilikwisha kuamua, na maskini hawakuwa na mahali pa kukata rufani. Wimbo ule ukawa rufani yao. Kuimba neno kama hilo hadharani kwahitaji ushujaa, na ushujaa si kipaji cha koo.

Sasa yafaa nitoe lawama zangu mbili, kwa kuwa mhakiki asiyelaumu hafai kuaminiwa katika sifa. Ya kwanza yahusu santuri. Upande mmoja wa santuri za zama zile ulichukua kama dakika tatu tu, na wimbo wa taarabu hupenda kwenda taratibu, ukirudiwa kadiri wasikilizaji wanavyopendezwa. Kwa hiyo tunachokisikia leo ni kipande. Asihukumu mtu kuwa Siti aliharakisha. Aliyeharakisha ni mashine.

Ya pili yahusu Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1958, miaka minane baada ya Siti kufariki. Ni kitabu chema, na mwandishi alifanya jambo kubwa kumwandikia mwanamke maskini wasifu ambao zamani waliandikiwa wafalme. Walakini sifa zimemiminwa kwa mkono mpana mno. Mara nyingine mwanamke mwenye jasho usoni afichwa nyuma ya mfano wa tabia njema. Mimi napenda kumwona akiwa na vumbi la njia miguuni, maana pasipo vumbi hilo kijana masikini atadhani Siti hakuwa mtu kama yeye.

Basi kwa yule mwanafunzi wangu jibu ni hili: sauti alipewa, safari, masomo, uchaguzi wa lugha na ushujaa vilikuwa vyake mwenyewe. Usilikubali kwa kuwa mwalimu amesema. Tafuta santuri moja ya Siti, uisikilize mara ya kwanza pasipo kuandika kitu. Mara ya pili andika maneno unayoyasikia. Mara ya tatu jiulize ni nani aliyekuwa akisemewa. Kisha njoo tushindane.