Mgeni ni Nani? Hoteli Kubwa za Dar es Salaam Zikisomwa kutoka Hanang

Hoteli kubwa ni utungo. Ina jina, ina mlango wa kuingilia, ina lugha yake ya kumpokea mtu na lugha nyingine ya kumuaga. Hata hivyo, wanaozilinganisha hoteli hizo kwa kawaida huuliza bei ya chumba, upana wa kitanda na idadi ya nyota. Maswali hayo yana faida yake, lakini si maswali ya uhakiki. Mhakiki hana budi kuuliza neno ambalo Mswahili wa pwani amelilea kwa karne nyingi: katika nyumba hii, mgeni ni nani na mwenyeji ni nani?

Tuanze na majina. Hoteli ya Kilimanjaro, inayoitazama bandari ya Dar es Salaam, ilifunguliwa mwaka 1965, nchi ikiwa changa na yenye matumaini. Ilipofunguliwa upya mwaka 2005 ilikuwa chini ya Kempinski, na baadaye ikaingia mikononi mwa Hyatt. Jina la mlima likasukumwa nyuma ya jina la kampuni, kama mwenyeji aliyeombwa akae uani wageni wakipokewa sebuleni. New Africa ina historia ya namna nyingine. Mahali hapo palikuwa na Kaiserhof ya Wajerumani, nyumba iliyobeba cheo cha mfalme wa mbali. Jina lililofuata likampindua mfalme huyo kwa maneno mawili tu. Hoteli ya tatu ilianza kwa jina la Sheraton, ikapita katika majina mengine, na hatimaye ikawa Serena. Huko jina ni kanzu: huvaliwa, huvuliwa, na mwili ukabaki ule ule. Kwa kipimo cha jina, basi, New Africa ndiyo yenye ushairi, Kilimanjaro ina ushairi uliojeruhiwa, na ya tatu ina nathari safi ya biashara.

Lakini kipimo cha jina hakitoshi. Nenda bara, kwenye wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, mahali ambapo lugha za asili zisizo na undugu wa karibu zinakaa jirani: Kiiraqw chenye asili ya Kikushi, Kidatooga chenye asili ya Kiniloti, na Kihadza kisichofanana na chochote. Wairaqw wana utungo uitwao slufay. Mzee husimama mbele ya watu akaomba mvua, afya, uzazi wa watu na mifugo, na amani ya nchi, na kila kifungu waliopo hukiitikia. Asiyeitikia amejitenga na baraka. Msomaji wa pwani ataitambua sanaa hiyo upesi, kwa kuwa hodi yetu nayo haikamiliki bila ya karibu. Katika nyumba ya kifahari ya mjini, maneno ya kukaribisha husemwa na upande mmoja. Mpokeaji amefundishwa tabasamu na sentensi. Mgeni hujibu kwa kutia saini. Hapo ndipo utungo unapopungukiwa: una kina cha kwanza, cha pili hakuna.

Liko jambo zito zaidi, nalo lipo mezani. Mkate wa mjini una shamba lake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, katika nyanda za Hanang, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula lilianzisha mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada, hata yakafikia takriban ekari 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig, tawi la Wadatooga. Makaburi ya wazee wao, yanayoitwa bung'eda na kuheshimiwa vizazi kwa vizazi, yakapitiwa na plau. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani katika miaka ya 1980. Wakapata ushindi Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikautengua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hanang mgeni hakuisubiri siku ya tatu: alikuja na trekta lake, na mwenyeji ndiye aliyegeuzwa mgeni.

Hakuna awezaye kuapa kwamba kipande fulani cha mkate katika hoteli fulani kilitoka Basotu. Wala haifai kuifanya nyumba ya bara kuwa pepo na hoteli kuwa jahanamu. Hoteli huajiri watu na kusomesha watoto wao. Na mkulima wa Kiiraqw naye, kabla na baada ya mashamba hayo, amekuwa akilima mahali ambapo Mdatooga alichunga. Ukarimu wa kweli haujapata kuwa mali ya kabila moja. Hoja ni kwamba anasa ina kumbukumbu fupi, na kazi ya uhakiki ni kuirefusha.

Mnamo tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Walionusurika, wenye mji wao wenyewe, wakawa wageni, wakalala shuleni na kwa jamaa. Hakuna aliyeuliza nyota. Godoro sakafuni, uji wa moto na mtu wa kuitikia kilio: hicho ndicho kilichokuwa kipimo.

Kwa kipimo hicho, hoteli kubwa za Dar es Salaam zinafanana zaidi kuliko zinavyotofautiana. Zote zinajua kumstarehesha mgeni. Ni chache zinazojua kumtaja mwenyeji. Marumaru nyingine haitazisaidia. Pengine kitakachozisaidia ni kile anachokijua mzee wa Mbulu kabla ya kufungua kinywa: kwamba baraka isiyoitikiwa hairudi nyumbani na kitu.