Daftari za Mama Marie-Gertrude

Jumamosi ya tarehe 13 Mei 1978, waasi wa Kikongo wa FNLC waliotoka Angola na kukatiza ardhi ya Zambia waliingia Kolwezi, mji wa migodi wa Zaire, Kongo ya leo. Tarehe 19, askari wa Lejioni ya Ufaransa wakaruka kwa miavuli juu ya mji, na kesho yake Wabelgiji wakatua. Mamia ya watu walikuwa wamekwisha kuuawa, Wazungu kwa Waafrika. Mwaka huohuo Pierre Sergent, afisa wa zamani wa Lejioni, alitoa kitabu juu ya mruko ule, na mwaka 1980 Raoul Coutard akakitengenezea filamu. Katika masimulizi ya namna hiyo Kolwezi ni uwanja wa kutua tu. Mji unaanza kuwapo mwavuli wa kwanza unapofunguka, na unakwisha Mzungu wa mwisho anapopanda ndege.

Mwaka 1989 V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliusimulia mji uleule kwa njia nyingine kabisa. Riwaya yake Shaba deux, iliyotolewa Paris na Présence Africaine, ni daftari za Mama Marie-Gertrude, mtawa Mwafrika anayeishi Kolwezi pamoja na masista wa Kizungu. Vita inakuja. Wageni wanaondoka, mzigo wa kuongoza nyumba unamwangukia yeye, na yeye anaendelea kuandika.

Uamuzi huo wa kuandika kwa mkono wa mtawa ndio ufundi wenyewe. Mwanahistoria anapoketi kuandika juu ya Mei 1978 anajua tayari nani atashinda na siku gani, kwa hiyo kila sentensi yake imekwisha kuinamia mwisho. Mtawa hajui kesho. Anayo siku moja mbele yake, na ndani ya siku hiyo zimo saa za sala ambazo hazisubiri bunduki zinyamaze. Msomaji anayejua tarehe zote anajikuta amesimama karibu na mtu asiyejua hata moja, na katika nafasi hiyo baina yao imani inaonekana ilivyo: kazi ya kila siku, inayofanywa bila ahadi ya kwamba mambo yatakwenda vizuri. Hakuna hotuba ya jemadari wala hati ya wizara inayoweza kutuonyesha hilo.

Ufundi huu una ukoo wa mbali. Huko Urusi, mwaka 1872, Nikolai Leskov alichapisha Soboryane, riwaya ya makasisi wa mji mdogo wa kubuni uitwao Stargorod. Kiini chake ni daftari la Padri Savely Tuberozov, lililoandikwa kwa miaka mingi: makaripio kutoka kwa wakubwa wa kanisa, mapenzi yake kwa mkewe, uchungu wa kuona dini ikiendeshwa kama idara ya serikali. Leskov haipigii kelele Urusi ya wakati wake. Anamwacha mzee aandike kidogo leo, kidogo mwakani, hadi sisi wenyewe tunahisi uzito wa utawala ule begani mwa mtu mmoja mwaminifu.

Si kila Mrusi aliyeuweza. Dmitry Merezhkovsky, katika riwaya ya mwisho ya utatu wake wa Kristo na Mpinga Kristo, alieleza ugomvi wa Tsar Peter na mwanawe Alexis, naye pia akatia daftari ndani ya kisa. Alisoma nyaraka nyingi, na mavazi na majengo yake yanapendeza. Hata hivyo alikuwa amekwisha kuamua nani anasimama upande gani kabla hajawapa wahusika pumzi, na mtu aliyepangiwa upande hawezi kumshangaza msomaji. Dostoevsky alitoka pengine. Mwezi Mei 1878 alifiwa na mwanawe mdogo Alyosha, na Juni akasafiri hadi monasteri ya Optina, akaonana na mzee Amvrosy. Msiba ule uliingia katika Ndugu Karamazov: mama mkulima anayemlilia mtoto wake mbele ya Mzee Zosima analia kilio cha mwandishi mwenyewe. Karne ya mageuzi, hukumu na mabomu ya wanamapinduzi imo katika kitabu hicho, lakini mlango wa kuingilia ni mwanamke aliyepiga magoti.

Mudimbe naye hakuazima imani ya watu wengine. Alizaliwa mwaka 1941, akalelewa katika shule za mapadri, na akiwa kijana akaingia monasteri ya Wabenedikto huko Gihindamuyaga, Rwanda. Alitoka, akasoma, akawa profesa Lubumbashi, kisha akahamia Marekani wakati utawala wa Mobutu ulipombana. Wasomi wengi wanamjua kwa The Invention of Africa ya mwaka 1988, na wengi huishia hapo. Ni hasara, maana katika riwaya mtawa wa zamani anasema mambo ambayo mwanafalsafa anayazunguka. Katika Entre les eaux ya mwaka 1973, padri Pierre Landu anaacha misheni na kujiunga na waasi wa Kimarx kwa sababu anaona Kanisa limeketi meza moja na wenye nguvu. Huko porini barua yake kwa askofu inamponza, na mwisho wa safari anarudi nyuma ya kuta za monasteri. Mudimbe hamcheki wala hamtakasi. Anamfuata hatua kwa hatua, kwa subira ya mtu aliyewahi kuvaa kanzu ileile.

Tena Kolwezi haikuwa jina lililookotwa kwenye ramani. Katika miaka ya 1950 Placide Tempels, padri Mfransisko aliyeandika Falsafa ya Kibantu, alifanya kazi katika kambi za wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière pale Ruwe na Musonoi. Hapo ndipo ilipozaliwa Jamaa, harakati ya waumini Wakatoliki, wachimbaji na wake zao wakiitana baba na mama na kukutana jioni baada ya zamu kutafakari mawazo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Mafundisho yote yalikuwa kwa Kiswahili. Mtu aliyeshinda kwenye vumbi la shaba, akihesabiwa na kampuni kwa namba ya kazi, jioni alikaa na mkewe kuulizana kama kweli wamekuwa wamoja. Sijui mada nzuri kuliko hiyo kwa mwandishi wa riwaya, na ilikuwa hapohapo mjini miaka ishirini na kitu kabla ya vita.

Mudimbe alifariki mwaka 2025, mbali na Likasi, huko North Carolina. Kolwezi aliyoiandika imebadilika: tangu 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, na wageni wanaokuja sasa wanauliza kobalti kabla ya kuuliza njia. Katika mtaa wa Kasulo watu walianza mwaka 2014 kuchimba chini ya nyumba zao wenyewe, sebuleni na uani, na walioshuka mashimoni siku za juma walikuwa na viti vyao kanisani Jumapili. Ripoti za mashimo hayo zimekwisha kuwa nyingi, zenye tani na bei na majina ya makampuni. Zinahitajika. Lakini katekista anayeombwa kubariki shimo, mke anayesali huku akishika kamba, mchungaji ambaye sadaka yake inatoka chini ya sakafu ya muumini, hao wanasubiri mwandishi atakayewapa daftari, aanze na siku moja, na asijue kesho yao. Na kwa kuwa wanasali kwa Kiswahili, haitakuwa ajabu wakiandika kwa Kiswahili.