Deraya Bila Jasho

Ukikaa Mukumu utamke neno "chapeo", kila mtu aliyepitia darasa la katekisimu atakuelewa. Dirii, chapeo, ngao, upanga: tumelelewa na vifaa hivyo vya Mtakatifu Paulo kwa Waefeso tangu tukiwa na meno ya utotoni. Sasa jiulize, ni nani kati yetu aliyewahi kuinua chapeo akajua uzito wake? Neno lenyewe lilitoka kwa Wareno, na kwao ni kofia tu ya kawaida. Likatua pwani, likaingia kwenye Biblia, likapanda bara mpaka huku kwenye barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, na lilipofika halikuwa na chuma chochote ndani yake. Tuna msamiati kamili wa askari wa kale. Jasho lake ndilo hatuna.

Nalisema hili kwa sababu ya hadithi ninazosoma siku hizi. Vijana wetu wanaandika falme za kubuni, zenye ngome juu ya mlima, malkia mwenye siri na joka moja au mawili, na wanaandika kwa Kiswahili, jambo ambalo mimi nalishangilia bila masharti. Ila fika pale panapopiganwa. Shujaa anachomoa upanga, anaruka, anakata watu kumi, anaurudisha upanga alani, kisha anatoa hotuba. Hahemi. Mkono haumuumi. Deraya aliyovaa ni kama fulana ya mtumba. Nenda kwenye tamasha za drama za shule utaona kitu kilekile kwa macho: panga za plaiwudi zilizofunikwa foili, tang! tang! mtu chali, makofi. Mpigo wa tatu ukumbi mzima unajua nani atashinda, na hata aliyeanguka anajua, ndiyo maana anaanguka polepole asichafue kanzu ya kuazima.

Kuna wahakiki wenzangu wenye jibu la haraka. Ati wacheni panga na deraya, hizo ni hadithi za Wazungu, andikeni mkuki na ngao ya ngozi. Hapana. Jibu hilo halijui fasihi ya lugha inayolitetea. Moja ya maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa yenye tarehe inayojulikana ni Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, kazi ya Mwengo bin Athumani wa Pate, na humo ni panga na deraya toka mwanzo hadi mwisho. Majeshi ya Waislamu upande huu, majeshi ya Herakli, mfalme wa Rumi ya Mashariki, upande ule. Ukitaka mashujaa wa chuma wa zama za kati, tulikuwa nao Pate miaka mia mbili na zaidi kabla mtu hajatuletea televisheni.

Na sikiliza hili, maana linanifurahisha kila nikilifikiria. Kwa wanahistoria, msafara wa Tabuk wa mwaka 630 haukuishia kwenye vita. Jeshi lilifika, la Warumi halikutokea, watu wakarudi. Vita vile vikubwa vya utendi ni vya kubuniwa. Mwengo na masimulizi ya Kiarabu aliyoyarithi walichukua pambano ambalo halikutokea wakalifanya litokee. Kwa hiyo yule kijana wa Khayega anayebuni vita vya ufalme wake usiokuwepo hajakosea njia. Yuko kwenye njia kongwe ya lugha hii. Ninachomdai ni kwamba abuni mwili pia.

Mwengo anaubuni? Nusu. Kinachonishika ni kwamba utendi hauanzii kwenye shangwe. Unaanzia kwenye msiba wa Jaafari, binamu yake Mtume, aliyeuawa Muta mwaka mmoja kabla. Mapokeo yanasema alikuwa ameshika bendera kwa mkono wa kulia, ukakatwa, akaihamishia kushoto, nao ukakatwa, akaikumbatia kwa vigutu. Pale chuma kinakutana na nyama. Huwezi kulisikia lile ukabaki unaona upanga kama pambo. Lakini vita vyenyewe vikishaanza, kanuni za tenzi za aina hii zinachukua usukani: mabingwa wanatoka mmoja mmoja, wanataja nasaba, wanajigamba, kisha Ali na Dhulfikari yake wanamaliza kazi. Ni tamu kusikiliza, sikatai. Ila kuna jambo la kiufundi hapa. Mizani nane, vina vitatu vinavyofanana, kisha kina cha bahari kinarudi, ubeti baada ya ubeti kwa mamia. Mwendo huo hauchoki. Mpiganaji angekuwa hoi, mguu unateleza, lakini ubeti unakwenda kwa mwendo ule ule wa mwanzo. Bahari ya utendi inabeba safari na hoja vizuri kuliko inavyobeba kukata pumzi.

Sasa, kukata pumzi ndilo jambo lenyewe. Kuna watu leo wanaopigana kwa deraya kweli, na si sinema. Mchezo huo unaitwa buhurt. Mwaka 2010 timu za Urusi, Ukraine, Belarusi na Poland zilikutana kwenye ngome ya Khotyn, Ukraine, na tangu wakati huo umeenea mpaka Marekani na Australia. Panga zao hazina makali, ncha zimeviringwa, na kuchoma ni marufuku. Lakini kupiga wanapiga kwa nguvu zote. Ndani unavaa vazi nene lililoshonwa kama godoro, juu yake chuma, na mzigo wote unafika kilo 25 na kupita. Huwezi kujivalisha peke yako, lazima mwenzako akufunge mikanda ya mgongoni. Kofia ina upenyo mwembamba wa kuonea, kwa hiyo aliye ubavuni kwako humwoni, na pumzi yako mwenyewe inakurudia usoni ikiwa ya moto. Katika pambano la timu hakuna anayehesabu nani kakatwa. Ukigusa ardhi kwa kitu cha tatu zaidi ya nyayo zako mbili, iwe goti, iwe kiganja, umetoka.

Ona sheria hiyo inavyobadilisha hadithi. Upanga unakuwa msaidizi tu. Kazi kubwa ni kusukumana, kukumbatiana, kumvuta mtu shingo mpaka mizani yake iharibike. Mazoezi yenyewe hayana mbwembwe: kukimbia ukiwa umevaa, kupiga tairi lililochakaa mara mia, kujifunza kuanguka, na zaidi ya yote kujifunza kupumua kidogo kidogo, maana anayeanza kwa fujo huisha kabla ya dakika mbili. Daudi aliyajua haya. Kabla ya Goliathi, Sauli alimvalisha mavazi yake ya vita, na kijana akayavua kwa sababu hakuwa ameyazoea. Kwangu mimi hiyo ndiyo sentensi bora kabisa juu ya deraya katika Biblia yote ya Kiswahili, na wahubiri wanaikimbia kila mara ili wafike kwenye kombeo.

Haya yote mtu wa Isukha hahitaji kuelezwa na Mpolandi. Nenda Malinya au Khayega asubuhi ya mayo, mapema, kabla jua halijawa kali. Fahali analetwa akisindikizwa na isikuti, ngoma ile ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. (Inachekesha kidogo kusikia kwamba iko hatarini wakati imekuamsha saa kumi na moja alfajiri.) Wale fahali wawili wakikutana, mgeni anangoja damu. Wenyeji wanatazama miguu ya nyuma. Pembe zimefungana, vichwa viko chini, na kwa muda mrefu huoni kitu zaidi ya misuli inayotetemeka na kwato zinazochimba udongo. Hapo ndipo pambano lilipo. Wa kwanza kugeuka na kukimbia ameshindwa, hata kama hana mchubuko. Na wenye fahali watakwambia kwamba ushindi ule ulifanyika miezi mingi kabla, kwenye kamba, kwenye malisho, kwa kijana aliyelala karibu na zizi. Methali ya fahali wawili na zizi moja huku hatuichukulii kama fumbo.

Pwani nako wana kirumbizi, watu wawili na bakora katikati ya duara, zumari ikilia. Pale uzuri uko kwenye kukinga na kuzunguka kuliko kupiga. Mwandishi wa Lamu anayetaka kuandika upanga ana shule mlangoni kwake.

Nikiulizwa ni wapi katika vitabu vyetu nimeona deraya yenye uzito, nitataja tafsiri. Makbeth ya Samuel Mushi, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1968. Watu huikumbuka kwa wachawi na kwa kisu kinachoelea. Mimi naikumbuka kwa askari na kwa mtumishi. Mwanzoni kabisa vita vinasimuliwa na askari anayevuja damu mbele ya mfalme Duncan. Anaanza kwa tashbihi kubwakubwa, mambo ya mashujaa, halafu katikati nguvu zinamwisha na inabidi apelekwe kutibiwa. Hotuba inakatika kwa sababu damu inakatika. Linganisha na shujaa wetu wa majoka anayehutubia baada ya kuua kumi.

Kisha karibu na mwisho Makbeth anadai deraya yake. Anaambiwa haihitajiki bado. Anaitaka hivyo hivyo. Anavalishwa huku anazungumza na daktari juu ya ugonjwa wa mkewe, mara anaamuru avuliwe, mara ibebwe imfuate. Mtu anayevaa chuma na kuvua, na mtumishi anayehangaika na mikanda bila kusema lolote la maana: hofu yote ya yule mtawala iko kwenye vidole vya mtu mwingine. Ningekuwa mwelekezi wa shule yenye dakika chache na bajeti ya plaiwudi, ningekata sehemu kubwa ya pambano la mwisho nibakishe uvalishaji huo. Hauhitaji foili. Unahitaji wanafunzi wawili na koti zito lenye vifungo vingi.

Mtasema nachukulia mchezo kwa uzito kupita kiasi. Ni hadithi tu, si ndiyo? Basi tazama lugha. Upanga ni wa mashujaa. Panga ni la kukatia miwa na kufyekea boma, na liko nyuma ya mlango wa karibu kila nyumba kutoka hapa hadi Mumias. Herufi moja tu inayatenganisha. Na nchi hii imeona panga linafanya nini kwa binadamu. Waliokuwa wakubwa Desemba 2007 na Januari 2008 hawahitaji maelezo, na wengine wao wana makovu kwenye mikono ile waliyoinua kujikinga. Mwandishi anapoandika kichwa kinachoruka kama boga, bila kilio, bila mtu wa kufua shuka, anafundisha msomaji kwamba kukata ni rahisi. Si rahisi. Hata anayekata habaki alivyokuwa. Sisemi damu ifichwe. Tena afadhali iwe nyingi zaidi, mradi iwe na mwenyewe.

Neno deraya, kwa njia, bado tunalo hai. Lisikie kwenye taarifa ya habari: magari ya deraya yamepelekwa mahali fulani. Limeota magurudumu, na aliye ndani haonekani kabisa. Pengine ndiyo sababu waandishi wachanga wanalitumia kama ukuta badala ya vazi. Wamelijua likiwa upande wa nje tu.

Kuna tukio moja ambalo ningewapa wote walisome kabla ya kuandika pambano lolote. Liko kwenye Utendi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo amechomwa kitovuni na mwanawe wa kumzaa kwa sindano ya shaba, kitu pekee kinachoweza kumuua. Anatoka, anakwenda karibu na kisima, anapiga goti, anapachika mshale kwenye upinde, na anafia hapo akiwa ameelekeza. Mji mzima hauthubutu kwenda kuteka maji, siku zinapita, na kiu inazidi. Wanamwomba mamaye akamtulize. Anakwenda, anamsihi kama mama anavyomsihi mwana mwenye hasira, na yule hajibu. Hakuna upanga uliochomolewa katika sehemu hiyo yote. Kuna goti moja, mkono uliovutika, na watu wenye ndoo tupu wanaochungulia kutoka mbali kuona kama ametikisika.