Boneti ya Shangazi

Ukitaka kujua gari limeoshwaje miaka yote, lisogeze juani saa nne asubuhi, simama mbele ya boneti, kisha tazama pale jua linapojiakisi. Kwenye Toyota IST ya shangazi yangu, ya buluu iliyokolea, jua lilikuwa limezungukwa na utando kama wa buibui: nyuzi nyembamba nyeupe zisizohesabika, duara ndani ya duara. Ukisogea hatua moja, utando nao unasogea. Shangazi alikuwa ameshaambiwa na fundi rangi kwamba hapo rangi imekwisha, dawa ni kukwangua yote na kupiga upya, kwa bei iliyozidi pensheni yake ya miezi miwili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie hili gari kabla sijaitoa hiyo hela."

Tulilishughulikia kwa siku mbili, mimi na kijana mmoja wa mtaani kwake Kigamboni ambaye riziki yake ni kuosha magari. Halikupigwa rangi. Naeleza tulichofanya kwa sababu naamini magari mengi yanayokwanguliwa kwenye gereji zetu hayakuhitaji kukwanguliwa.

Rangi ya gari la kisasa ni matabaka. Juu ya bati kuna praima ya kuzuia kutu. Kiwandani bodi nzima huzamishwa ndani yake na kupitishiwa umeme ili ishike hadi kwenye kona. Juu ya hiyo kuna praima ya pili ya kusawazisha, halafu rangi yenyewe, na mwisho kabisa tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Kung'aa kote kunatokana na klia. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50, wakati unywele wa mtu una mikroni kama 70. Utando tuliouona juani ulikuwa kwenye ngozi ya juu ya klia peke yake. Ile buluu iliyo chini yake ilikuwa nzima kabisa. Tena mikwaruzo yenyewe haikuwa ya mviringo. Ilikuwa imekwenda kila upande, ila jua huiangaza ile tu iliyokingama mbele ya mwanga, ndiyo maana jicho linaona duara.

Imetoka wapi? Nilimwomba kijana aoshe kama anavyoosha siku zote, nami nikae nitazame. Alichota ndoo moja ya maji, akatia sabuni ya unga ya kufulia, akachovya kipande cha fulana kuukuu. Akapangusa paa, milango, akashuka kwenye rimu, kisha akarudi kwenye boneti kwa kitambaa kilekile na maji yaleyale. Alipomaliza niliyamwaga maji taratibu. Chini ya ndoo palibaki mchanga wa kujaa kiganja. Nikamwonyesha, akanyamaza, akauchukua mkononi na kuusugua kwa kidole gumba.

Mchanga huo una madini ya kwatzi kwa wingi, na kwatzi iko kwenye daraja la 7 katika kipimo cha ugumu cha Mohs. Inakwaruza hata kioo. Klia ni aina ya plastiki. Kila alipochovya na kurudi alikuwa anaipiga boneti msasa, na hakuna aliyewahi kumwambia. Hukumu yangu ni kwamba gari la shangazi lilichakazwa na kuoshwa. Vumbi likikaa tu juu ya rangi halikwaruzi. Linakwaruza linapokandamizwa na kuburutwa.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuosha upya, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kwa muda mrefu kuliko penginepo. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari likiwa kivulini na bati likiwa baridi. Juani maji hukauka kabla hujayasuuza, na kwa kuwa maji ya pale ni ya kisima, yanaacha madoa meupe ya chokaa ambayo baadaye huwa kazi nyingine. Tulimwagia gari maji matupu kwanza, mengi, kuanzia juu, ili mchanga uondoke wenyewe kabla mkono haujagusa kitu. Rimu na tairi vikapewa ndoo yao na brashi yao, na vitu hivyo havikuvuka kwenda kwenye bodi hata mara moja.

Kwa bodi tulitumia ndoo mbili za lita 20. Moja ina maji ya shampuu ya magari, nyingine ina maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Unachovya kwenye shampuu, unapangusa sehemu moja, mathalani nusu ya mlango, unakwenda kukisuuza kitambaa kwenye maji matupu, unakikamua, ndipo unarudi kwenye shampuu. Unaanza na paa na kumalizia chini ya milango, kwa sababu huko chini ndiko kwenye mchanga wa barabarani. Mkono unakwenda kwa mstari ulionyooka. Sabuni ya unga tuliiweka kando: ina alkali kali iliyokusudiwa nguo, inaondoa nta yote iliyopo, inapausha plastiki nyeusi za bampa na kukausha mipira ya madirisha.

Kitambaa nacho kina habari yake. Wengi tunaamini kanga kuukuu ni salama kwa sababu ni laini mkononi. Ulaini upo, lakini kanga imefumwa bapa. Chembe ya mchanga ikinaswa kati ya kanga na bati haina pa kuzama, inabaki pale inakwaruza. Maikrofaiba ina manyoya marefu, chembe inazama ndani na kukaa mbali na rangi mpaka uisuuze. Hata kwenye kukausha hatukusugua. Tulitandaza taulo la maikrofaiba juu ya boneti likiwa wazi, tukalipapasa, tukaliinua na maji yake.

Ndoo ya kusuuzia ilipomwagwa, mchanga ulikuwepo tena, mwingi tu. Safari hii ulikuwa ndani ya ndoo badala ya kurudi kwenye gari.

Shangazi huegesha chini ya mwembe, na mwembe ule una wenyeji wake, kunguru. Utomvu wa embe uliokauka tuliulainisha kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kilichoachwa juu yake, kisha kwa spiriti kidogo. Mavi ya kunguru ni hatari zaidi. Yana asidi, na chini ya jua kali klia hulainika na kutanuka, ikipoa inajikunja juu ya doa na kubaki na kovu. Yakionekana yaondolewe siku hiyohiyo: weka kitambaa kilicholoa juu yake dakika kadhaa, halafu inua, usisugue. Kwenye paa la gari lile kulikuwa na makovu sita. Manne yalitoka tulipopiga polishi. Mawili yapo mpaka leo, maana kuyafuata yalipofika kungemaliza klia.

Baada ya kukausha nilivaa nailoni iliyofungia mkate mkononi kama glovu na kuipitisha taratibu kwenye boneti. Nailoni huongeza hisia ya vidole. Ukwaru ambao mkono mtupu hauuoni unausikia kama msasa laini. Zilikuwa chembe za chuma kutoka kwenye breki, vumbi la saruji, na vijitone vya rangi ya geti la jirani. Shampuu haitoi vitu hivyo. Tulitumia udongo maalumu wa kusafishia rangi, donge laini kama la kuchezea watoto, tukiutelezesha juu ya maji ya shampuu bila kukandamiza. Ukiona uso wake umechafuka unaukunja upate upande safi. Kijana aliuangusha mara moja chini, akainama kuuokota. Kipande hicho tulikitupa. Udongo ulioanguka mchangani haurudi kwenye gari.

Polishi ndiyo hatua watu wanayoikimbilia, na ndiyo inayoharibu magari ikifanywa kwa pupa. Polishi haiongezi kitu kwenye rangi. Inakata klia kidogo mpaka kingo za mkwaruzo zilingane na chini yake. Ukifanya kila mwezi, klia itakwisha, na hapo kweli utahitaji fundi rangi. Tulibandika tepu ya karatasi kwenye mipira na plastiki nyeusi zote, tukachagua eneo dogo la upana wa shubiri mbili katikati ya boneti, tukajaribu polishi laini kuliko zote tulizokuwa nazo. Ilitosha. Kama isingetosha tungepanda hatua moja, lakini kuanza na kali ni kukata usichokihitaji. Mashine tuliyotumia inazunguka huku ikiyumba, kwa hiyo joto halikusanyiki mahali pamoja. Ile inayozunguka tu ina nguvu, na mkono usioizoea unaweza kuunguza rangi, hasa kwenye kingo za milango na mistari ya bodi ambako tabaka huwa jembamba. Mkwaruzo unaonasa ukucha ukipitisha kidole, tuliuacha. Huo umekwenda chini mno.

Juu ya yote tukapaka nta ya kanauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Ni nta ngumu. Inayeyuka kwenye nyuzi joto zaidi ya 80. Paka nyembamba kiasi cha kuona ukungu tu, ngoja ikauke, futa. Kwa jua letu usitegemee imalize zaidi ya miezi miwili au mitatu.

Taa za mbele zilikuwa za njano, na usiku shangazi alishaacha kuendesha. Lenzi ni polikaboneti iliyopakwa kinga kiwandani. Miaka ya jua inakula kinga, kisha plastiki yenyewe. Tuliipiga msasa wa maji namba 800, 1500, 2000 na 3000, kila mmoja ukifuta alama za uliotangulia, kisha polishi, na mwisho klia yenye kinga ya mionzi ya urujuanimno. Bila hiyo ya mwisho njano hurudi baada ya miezi michache. Dawa ya meno husafisha kwa muda mfupi tu, na dawa za kufukuza mbu zenye DEET zinang'arisha kwa sababu zinayeyusha plastiki. Usizikaribishe.

Ndani hatukukaa sana, lakini kuna mambo matatu ya kushikilia. Kwanza, mchanga utoke kwa kifyonza vumbi na brashi kavu kabla ya tone lolote la maji, la sivyo unatengeneza tope ndani ya kapeti. Pili, maji kidogo. Chini ya siti za mbele kuna plagi za waya zenye rangi ya njano. Ndizo za mifuko ya hewa ya usalama, na hazitakiwi kuloweshwa wala kuchomolewa ovyo. Kitambaa cha darini kimegundishwa kwenye sponji nyembamba. Ukikilowesha gundi inaachia na dari linaning'inia, kwa hiyo tulikipapasa tu kwa maikrofaiba yenye unyevu. Tatu, dashibodi haihitaji mafuta. Mafuta ya kung'arisha yanashika vumbi, na mchana mng'ao wake unajiakisi kwenye kioo cha mbele usoni mwa dereva. Kitambaa chenye unyevu kinatosha. Vioo tulifuta kwa wima upande wa ndani na kwa ulalo upande wa nje, ili ukiona michirizi ujue iko upande gani. Nyuma ya droo ya dashibodi, filta ya AC ilikuwa imejaa majani makavu na maua ya mwembe. Shangazi alikuwa akilalamika kwamba AC haina nguvu.

Nilitaka kuondoka, kisha nikafungua mlango wa nyuma na kusikia maji yakicheza ndani yake. Kila mlango una matundu madogo upande wa chini ya kutolea maji ya mvua yanayopenya kwenye kioo. Yalikuwa yamezibwa na mchanga na majani. Nilipoyazibua kwa kijiti cha mshikaki yalitoka maji ya rangi ya chai. Kwa mtu kama shangazi, anayevuka maji ya bahari na kivuko cha Kigamboni kila wiki, hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko boneti. Unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huvuta maji yenyewe na kuwa majimaji, na asubuhi nyingi za Dar es Salaam huvuka kiwango hicho. Chumvi iliyojificha chini ya gari na ndani ya milango haikauki vya kutosha kuacha kula bati. Kwa hiyo tulipiga maji mengi chini ya gari, kwenye matao ya tairi na nyuma ya bampa. Shangazi sasa anafanya hivyo kila Jumamosi.

Kijana amenunua ndoo ya pili, na magari ya mtaani kwao anayaosha kwa ndoo mbili. Wewe ukipeleka lako kuoshwa wiki hii, kabla kitambaa hakijagusa boneti, mwombe muoshaji akuonyeshe chini ya ndoo yake.